Mama Asishike Bomba

Mama mkwe wangu ukimkataza jambo, hesabu kwamba ameshalifanya. Daktari alimkataza chumvi, akaanza kutembea na chumvi mkobani, anawanyunyizia hata wageni wasioiomba. Tulimkataza kupanda ngazi, tukamkuta juu ya banda la kuku akigongelea bati, misumari imejaa mdomoni. Si mkorofi. Anasema aliishi maisha yake yote akiambiwa usifanye na mwanamume mmoja, mwanamume huyo tumeshamzika, na zamu ya kuambiwa imekwisha. Nalieleza hili mapema ili msije mkaniuliza, kama walivyoniuliza majirani, kwa nini sikumwambia tu ukweli nikamaliza.

Kiwanja chetu kina nyumba tatu. Ya mbele, karibu na geti, amepanga fundi cherehani tunayemwita Kufuli, kwa sababu hatoki hata kwenda dukani kabla hajafunga milango yote na kurudi kuitikisa. Ya katikati ni yangu na mume wangu. Ya nyuma ni ya Mama. Kila nyumba ina mita yake ya umeme na swichi yake kubwa, hakuna anayemwashia wala kumzimia mwenzake. Maji ndiyo tunayochangia. Yanakuja kwa bomba moja la chuma linaloingia getini, linapita nyuma ya nyumba ya Kufuli, linapita nyuma ya jiko langu, linaishia bafuni kwa Mama.

Bomba hilo alilifunga baba mkwe, Mungu amrehemu, aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Aliacha wana wawili, wote mafundi. Mkubwa ni fundi umeme. Mdogo ni fundi bomba, na ndiye mume wangu. Mama huwaita Wa Moto na Wa Maji, na kwa kweli hawakai chungu kimoja. Siku ninazozisimulia walikuwa hawasemezani kabisa. Mume wangu alitoboa ukuta wa mteja akakata waya wa kaka yake, na kaka akamwita mtoboa mirija mbele ya mteja na mke wa mteja. Tangu hapo salamu zao zikawa zinapitia kwa Mama, naye alikuwa anaziongezea chumvi kama anavyoongeza kwenye chakula.

Ndipo bomba likaanza kuvuja chini ya ardhi pale getini. Mganga hajigangi, tulikanyaga tope wiki nzima kabla mume wangu hajapata nafasi. Hatimaye akachimba, akakuta chuma kimeliwa na kutu, akakata kipande kirefu akaweka plastiki. Kazi safi, sikatai. Mimi nilikuwa nimesimama pale mikono kiunoni, nikamwambia, "Mwite kwanza kaka yako. Zile nyaya za ethi za nyumba zote, za kumwaga umeme ardhini, zimefungwa kwenye hili bomba." Nilijua kwa sababu naziona kila siku nikiosha vyombo, waya wa kijani na njano umebanwa kwa kibano kwenye chuma nje ya dirisha la jiko. Mume wangu hakuinua hata kichwa.

"Bomba ni la maji," akasema. "Umeme una njia zake."

Akafukia.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya kawaida. Nilikuwa nimempelekea Mama ndoo ya maji moto bafuni kama kila siku. Mama huoga amekaa. Anakaa kwenye kiti cha plastiki, miguu kwenye beseni la plastiki, anajimiminia maji kwa kopo taratibu, na mlango ameufunga kwa komeo. Mlango huo ni wa chuma kitupu, kazi ya baba mkwe, na tulizoea kuucheka: mlango wa benki kwenye chumba chenye sabuni na dodoki. Akimaliza kuoga, Mama anatoa miguu kwenye beseni, anaikanyagisha sakafuni, anashika bomba la chuma lililosimama ukutani kando ya kiti, anajivuta, anasimama. Tangu magoti yamgomee hajui kuinuka kwa namna nyingine.

Nilirudi jikoni kwangu. Mume wangu alikuwa mezani anamalizia chai. Nikapeleka mkono kwenye koki nijaze sufuria.

Sikumbuki sufuria ikianguka. Nakumbuka mkono mzima umekuwa mzito mpaka begani, meno yamebanana, halafu niko chini nimekaa, na mume wangu ananitazama na kikombe mkononi.

"Umeteleza?"

"Koki imenipiga shoti."

Alitaka kubisha, nikaona usoni. Lakini akachukua ile bisibisi ya testa, ya kupimia umeme, iliyokuwa kwenye droo, akaigusisha kwenye koki, na kijitaa cha ndani kikawaka chekundu. Akaenda kuzima swichi kubwa. Redio ikakatika katikati ya tangazo, friji ikanyamaza, nyumba ikawa kimya. Akarudi, akagusa tena.

Ikawaka.

Sisi wote tuna elimu moja ya umeme: ukiuma, zima swichi kubwa, umemaliza. Tulikuwa tumezima, na koki ilikuwa bado hai. Mume wangu aliitazama ile testa kama mtu aliyetukanwa. Mimi mawazo yangu yalikuwa yamefuata bomba, yamepita ukuta, yamefika linapoishia.

"Mama," nikasema.

Tulikimbia. Mlango wa mbele wa Mama ulikuwa wazi, mume wangu akaingia akazima swichi yake pia. Nje, nyuma ya bafu, akagusisha testa kwenye bomba linapoingia ukutani. Ikawaka vilevile. Na ndani nikasikia kopo likichota maji, na Mama akikohoa kidogo, na maji yakimwagika kwenye beseni. Alikuwa bado hajamaliza. Huenda alikuwa anakaribia.

Nilimpigia shemeji. Mume wangu hakunizuia.

"Shemeji, bomba la maji linapiga shoti. Tumezima kwetu, tumezima kwa Mama, bado linapiga."

"Zimeni kwa Kufuli."

"Kufuli ametoka. Kafunga."

Shemeji akauliza, "Kuna mtu amekata bomba?"

Nikamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama viatu vyake. "Limewekwa plastiki pale getini," nikasema.

Angetukana ningepumua. Hakutukana. "Basi limetengana na ardhi," akasema polepole. "Itakuwa hita ya maji ya Kufuli, ameiacha inawaka, imevujisha umeme, umeshuka kwa waya wa ethi mpaka kwenye bomba, na bomba halina tena pa kuumwaga. Ungeingia ardhini, fyuzi yake ingekatika. Sasa umekaa humo. Nyumba zote tatu mmeunganishwa nao, hata mzime nini. Kuna mtu analigusa?"

"Mama anaoga."

Nilisikia kitu cha chuma kikianguka upande wake, kisha miguu ikikimbia. Alikuwa na kazi kwenye duka la mtaa wa nyuma. "Nakuja. Anzeni kufukua pale getini, upande wa barabara," akasema akihema. "Asishike bomba. Sikiliza, shem, asishike bomba."

Mume wangu alikuwa tayari anampigia Kufuli. Simu ikaita mpaka ikakata. Akaenda kuutikisa mlango wa Kufuli, akautikisa na dirisha lenye nondo, na vyote vilikuwa kazi ya baba yake, havikusogea. Baba mkwe alitujengea usalama mpaka hatuwezi kuokoana. Juu ya kibaraza taa ya Kufuli ilikuwa inawaka mchana kweupe, umeme wake mzima wa afya.

Akarudi mbio. Na hapo akafanya kile ambacho mtoto yeyote wa mtu angefanya. Akaweka uso kwenye matundu ya hewa ya bafu, akapaza sauti:

"Mama! Usishike bomba!"

Kopo likanyamaza. "Nani huyo?"

"Usishike bomba! Lina umeme!"

"Bomba la baba yako?" Mama alikuwa anacheka. "Nimelishika tangu hujaota meno halijaniuma, leo lina umeme? Nani kakudanganya, kaka yako? Ngoja nilishike nikuonyeshe."

Nikasikia miguu ikitoka majini. Kiti kikalia.

Sikufikiri. Ningefikiri ningechelewa. Nilimsukuma mume wangu, nikapanda juu ya tofali lililokuwa pale, nikaweka mdomo kwenye tundu na kusema jambo moja tu nililojua litamkalisha mwanamke yule:

"Mama, namwacha mwanao!"

Kiti kikalia tena. Safari hii kilikuwa kinapokea uzito.

"Umesemaje?"

"Namwacha. Nimekuja kukuaga."

Nyuma yangu mume wangu alikuwa ameduwaa, mdomo wazi. Nikamwashiria getini kwa mkono. Hakwenda. "Nenda ukachimbe!" nikamnong'oneza kwa meno, naye akaenda, akigeuka kila hatua kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

"Mama, miguu yako iko wapi?" nikauliza.

"Miguu yangu inaingiaje kwenye ndoa yako?"

"Utapata baridi. Irudishe kwenye maji moto, tuongee."

Akaguna. Nikasikia maji ya beseni yakipokea mguu mmoja, kisha wa pili. "Haya. Imerudi. Sema."

Sasa kusema nini? Uongo una tabia moja mbaya, ukiuanzisha unadai chakula. Kutoka pale juu ya tofali niliweza kuona uchochoro wote mpaka getini. Shemeji alikuwa ameingia, shati limemganda mgongoni. Alipita mbele ya mdogo wake bila salamu, akaingia stoo ya marehemu, akatoka amebeba begani ule waya mnene wa mashine ya kuchomelea, wenye vibano viwili vikubwa kama taya.

"Anakupiga?" Mama akauliza.

"Hapana, Mama."

"Ana mwanamke nje?"

"Mwanamke gani atamkubali na ile harufu ya mtaro?"

Akacheka, hakujizuia. Kisha akakumbuka kwamba ni msiba. "Basi tatizo ni nini?"

"Hanisikii."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Nilikuwa natafuta neno lolote, na hilo ndilo lililokuwa karibu na mdomo.

"Endelea," akasema Mama. Na nawaambia, mwanamke huyu tukimwita mezani tunamwita mara tatu. Siku hiyo, kupitia tundu la ukuta, hakupotewa na neno hata moja.

"Nimekuwa kama redio ya jirani, Mama. Anaisikia, haisikilizi. Nikimwambia naumwa, anauliza spana yake iko wapi. Mtu wa mtaa wa tatu koki yake ikidondosha tone, anaacha chakula anakwenda. Mimi nikidondosha chozi, anasema tutaongea kesho. Hiyo kesho sijaiona. Nikitoa wazo, hata kama ni la kumsaidia yeye, haliingii mpaka aambiwe na mwanamume mwenzake barabarani, ndipo anarudi kunieleza mimi kama habari mpya."

Getini shemeji alikuwa anauliza kitu, na ndugu hawa wawili wakasemezana kwa mara ya kwanza tangu waya ukatwe.

"Plastiki inaanzia wapi?"

"Hapa. Inaishia pale kwa Kufuli."

"Sitaki mita ya maji, imefungwa plastiki huku na huku. Nataka chuma cha barabarani, kiumwage umeme ardhini. Chimba. Na ukivuka pale plastiki inapoishia ukagusa chuma cha upande wa nyumba kwa jembe, leo tutazika wawili."

Mume wangu akainamia jembe. Sijawahi kumwona akichimba vile. Udongo ulikuwa unaruka mpaka kwenye geti.

"Mbona nasikia jembe?" akauliza Mama.

"Wanachimba mtaro."

"Mkewe anaaga, yeye anachimba mtaro."

"Ndiyo ninayokuambia, Mama."

Nilisikia kopo likielea na kugonga ukingo wa beseni. Aliposema tena, alisema kwa sauti ya chini, nikalazimika kubandika sikio kwenye tundu.

"Unajua kwa nini huu mlango ni wa chuma?"

"Wezi."

"Wezi wa nini, dodoki? Mimi ndiye niliyeuomba. Nilimwambia baba yao ni kwa ajili ya wezi, na kwa kuwa ilikuwa habari ya chuma, hiyo aliisikia. Nilitaka chumba kimoja ambacho nikijifungia hakuna atakayeniita nikatoka. Hakuwa mtu mbaya. Alileta chakula, hakuinua mkono. Lakini ningezungumza na ukuta ningepata majibu zaidi. Nimelia humu mpaka maji yakapoa, nikanawa uso, nikatoka kupika. Nyie mnadhani nachelewa kuoga kwa sababu ya uzee."

Miaka yote ile nilikuwa nimemsubiri nje ya mlango ule nikiangalia jua, nikihesabu kazi zangu zinavyochelewa, namlaumu kimoyomoyo. Nilipanda juu ya lile tofali nikiwa na uongo mkononi, na sasa machozi yalikuwa yananitoka ya kweli, yanaingia mdomoni.

"Kwa nini hukuondoka?" nikauliza.

"Ningekwenda kwa nani? Mama mkwe wangu alikuwa hana tundu la kuzungumzia." Akavuta pumzi. "Wewe unalia."

"Silii."

"Unalia, nakusikia. Mwanangu, ngoja."

"Mama, kaa tu."

"Maji yenyewe yamepoa. Mtu haagi mama yake kupitia tundu. Ngoja nitoke nikushike mkono, tukae, tuliongee hili jambo vizuri."

Nikasikia maji yakimwagika. Nikasikia unyayo wa kwanza ukigusa saruji iliyolowa, kisha wa pili.

Niligeuza kichwa getini. Mume wangu alikuwa amepiga magoti shimoni, anakwangua kutu kwenye chuma cha barabarani kwa kipande cha msumeno, na shemeji amesimama juu yake, glavu za mpira mikononi, anasema, "King'ae, king'ae, kibano hakishiki kutu." Kibano cha kwanza kilikuwa bado hewani. Hawakuwa tayari.

Na Mama alikuwa anakuja kwa upendo. Hilo ndilo lililonivunja. Hasira ningeituliza, ubishi ningeukwepa, lakini huruma ya mama anayetaka kukushika mkono unaizuia na nini? Kiti kikaanza kulia.

"Usitoke!" nikapiga kelele. "Sitaki unishike! Unadhani ni mwanao peke yake? Wewe ndiye umenichosha zaidi! Kila asubuhi ndoo yako, kila asubuhi kukusubiri mlangoni kama mtumwa! Nimechoka na magoti yako, nimechoka na hadithi zako, nimechoka na uzee wako!"

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Niliyasema na moyo wangu unayasikia kama anavyoyasikia Mama.

Kiti kilipokea uzito kwa kishindo, kama mtu aliyesukumwa. Hakuna kopo, hakuna kikohozi. Sikujua miguu iko kwenye beseni au sakafuni. Sikujua mkono uko wapi. Nilishika ukuta kwa kucha na kumwomba Mungu Mama anichukie kwa muda kidogo tu, akae hapohapo anichukie.

"Kimeshika!" mume wangu akapaza sauti kutoka shimoni.

Shemeji alikuwa ameshakimbia na ncha ya pili ya waya mpaka kwenye ukuta wa Kufuli, bomba la chuma linapotokea ardhini. "Toka shimoni!" akamwambia mdogo wake. "Kaa mbali!" Kisha akafumbua taya za kibano na kukibandika.

Paa! Cheche ya buluu iliruka pale ukutani, na ndani ya nyumba ya Kufuli kitu kikalia kama kofi. Taa ya kibarazani ikazimika. Shemeji akatoa testa mfukoni, akaigusisha kwenye bomba, akaiangalia, akaigeuza, akaigusisha tena.

"Limekufa!" akasema. "Fyuzi imekwenda. Mwache ashike."

"Mama," nikasema kwenye tundu. "Unaweza kutoka sasa."

Nikangoja. Kisha nikasikia ile sauti ninayoisikia kila siku bila kuijali, pete yake ikigonga chuma anapolishika bomba. Hata baada ya kuambiwa limekufa, niliushika ukuta tena. Kiti kikalia, nyayo zikaburuta, komeo likavutwa.

Alitoka amejifunga nguo yake, nywele zinadondosha maji. Hakunitazama. Angenipita, lakini shemeji alikuwa amefika, na nyuma yake mume wangu, udongo mpaka kwenye viwiko, na wote tukaanza kuongea kwa pamoja: hita, testa, plastiki, ethi. Shemeji alimweleza mama yake kama anavyomweleza mteja, kwamba bomba lilikuwa na umeme wa kuua, kwamba ukikata chuma uweke plastiki, unafunga kwanza waya wa kuvusha umeme, ndipo unashika msumeno, na kwamba leo hii hii kila nyumba itapata fimbo yake ya ethi ardhini na bomba lifungwe nazo zote. Alimtazama mdogo wake mara moja tu. Mdogo wake alisema, "Nimekosa, kaka," na ikaishia hapo.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Aligeuka akalitazama bomba lake mle ndani, lililosimama kando ya kiti.

"Kwa hiyo yote yale," akasema, "yalikuwa ya bomba."

"Ya bomba, Mama!" Mume wangu aliangua kicheko, kile kicheko cha mtu aliyeona kaburi likifunguka na kujifunga tena. Akaniwekea mkono wake wa udongo begani, akanitikisa. "Huyu mke wangu ana akili kuliko sisi sote! Mimi mwenyewe nilidhani kweli naachwa! Nachimba huku najiuliza, jamani, leo nitakula wapi?"

Shemeji naye akacheka. Kicheko kiliwashika, wakawa wanashikiliana mabega, ndugu wawili waliokuwa hawasalimiani.

Mama hakucheka. Alikuja mpaka mbele yangu, karibu kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu afungue mlango akanitazama machoni. Midomo yake ilikuwa imeingia ndani, na nikaona jinsi maneno yangu yalivyomzeesha kwa muda ule mfupi.

"Nimekuchosha?" akaniuliza.

"Hapana, Mama. Hujanichosha hata siku moja. Lile la mwisho lilikuwa la bomba."

"La mwisho. Na yale ya kwanza?"

"La mwisho tu."

Alinishika mkono kwa mkono wake uliolowa, kama alivyokuwa amekusudia, akaubana. Mume wangu alikuwa bado anacheka nyuma yangu. Kisha mkono wake begani kwangu ukaacha kutikisika.